Anayepiga Sosi Hasalimiwi

Nyumbani kwetu anayepiga sosi hasalimiwi. Ukimkuta ameinamia bakuli, simama mlangoni, funga mdomo, ngoja. Hata uwe nani. Aliwahi kuja mwenye nyumba jirani, mtu mzito anayependa heshima kuliko chakula, akapiga hodi, akatoa salamu, akanyamaziwa. Akatoa tena kwa sauti ya juu. Kimya. Akaja kunilalamikia mimi kwamba wanawake wa nyumba hii wana kiburi. Nikamwambia, mzee, hawana kiburi, wana sosi.

Sababu yenyewe ni hii. Sosi ya saladi ya kabichi, jinsi Shangazi anavyoitengeneza, ni viini vya mayai na mafuta, na hivi viwili havipatani. Ukitaka vipatane unatia mafuta tone kwa tone, huku mkono mwingine unapiga bila kupumzika. Ukigeuza uso kuitikia salamu, mkono unaomimina unajisahau, mafuta yanaingia kwa wingi, na sosi inakatika. Inageuka majimaji yenye mabonge, unaona haya hata kumpa kuku. Shangazi alikuwa akisema salamu inaweza kungoja, lakini yai halijafundishwa kungoja.

Niseme mapema kwamba Shangazi si shangazi yangu. Ni shangazi wa mke wangu, dada wa baba yake, na ndiye aliyemlea tangu hajaota meno. Nilipooa, nilioa binti na mkwe nikampata siku hiyohiyo, akahamia kwetu na sanduku lake na bakuli lake. Mimi humwita Mama, ila hapa nitamwita Shangazi kama anavyomwita mke wangu, tusije tukachanganyana. Mimi ni seremala. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, na dirisha lake linatazamana na mlango wa jiko. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, kwa hiyo sikuwa na mazoea ya kuingia jikoni akiwa humo. Nilikuwa natazama kutoka kwangu. Seremala mwenye dirisha zuri hahitaji redio.

Wao wawili walikuwa wakipikia watu wenye shughuli: harusi, mahafali, vikao vya ofisi, mikutano ya wazazi shuleni. Mke wangu alishika wali, nyama, wateja na ugomvi wa wateja. Shangazi alishika saladi ya kabichi, basi. Usiseme ni kazi ndogo. Watu walikuwa wakiagiza chakula cha watu mia, na swali la kwanza lilikuwa, "Ile kabichi ya mama itakuwepo?" Nyama ingeweza kuwa ngumu wakasamehe. Kabichi ikikosekana, ilikuwa kesi.

Alikuwa anaikata nyembamba mpaka unaona mwanga, anaitia chumvi, anaiacha kwenye chujio itoe maji, kisha anaifunga kwenye kitambaa safi na kuikamua kwa mikono miwili. "Kabichi usipoiliza mapema," alikuwa akimwambia mke wangu, "italia mbele ya wageni." Halafu ndipo bakuli linatoka. Viini, chumvi, haradali kijiko kidogo, ndimu. Mafuta yalikuwa kwenye chupa ambayo kifuniko chake alikitoboa kwa msumari aliouomba kwangu, msumari mwembamba kuliko yote niliyokuwa nayo. Akiinamisha chupa kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia unapiga kwa kile kipigio cha waya, na mimi huku kwangu nasikia waya ukigonga bakuli la bati, kasi ileile, haipandi haishuki. Kelele ikianza kuwa nzito, nilijua sosi imeshika. Mwishoni anatia mtindi mzito, siki, sukari kidogo tu, na pilipili manga.

Ikiisha, aligonga ukingo wa bakuli na kumgeukia yeyote aliyekuwa mlangoni. Huyo ndiye aliyepewa kijiko cha kwanza. "Onja, useme ukweli." Akishaonja, ndipo Shangazi anasema, "Haya, sasa tusalimiane, hujambo?" Mke wangu alikulia kwenye mlango kama huo. Anasema alipokuwa mdogo alidhani kusalimiana ni kitu kinachoanza kwa kulamba kijiko.

Shangazi ana mtoto mmoja wa kumzaa, mwanamume, mimi humwita Shemeji, anakaa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Ni mtu mwema. Kila akipiga simu alikuwa akiomba mama yake ahamie kwake, amtunze, wajukuu wamwone. Na kila akiomba, jibu lilikuwa moja: "Nije kwako, halafu sosi atapiga nani?" Shemeji anacheka, Shangazi anacheka, sisi tunacheka. Tulidhani ni utani. Kumbe lile ndilo lililokuwa jibu lake, na hakuwa na jingine.

Kisha kifundo cha mkono kikaanza kumsumbua. Hakusema. Nilianza kusikia kasi ya waya inavunjikavunjika, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Alasiri moja mke wangu alimkuta nyuma ya nyumba ameutumbukiza mkono kwenye beseni la maji moto, na alipomwona akajifanya anafua kitambaa. Kitambaa chenyewe hakikuwepo.

Mke wangu akaja kwangu karakanani analia. "Nitamuua Shangazi wangu kwa ajili ya kabichi," akasema.

"Hakuna atakayekufa," nikamwambia. "Nunua mashine."

Na hapo ndipo nilipojaa maneno, maana mashine ndiyo somo langu. Nikamwonyesha randa yangu ya umeme. Nikamwambia mgongo wangu ulivyokuwa kabla yake na ulivyo sasa. Nikamwambia mkono wa binadamu si chuma, na hata chuma huchoka. Nilisema vizuri sana siku ile, na natamani mafua yangenikausha sauti. Tukakubaliana iwe zawadi, tena ya ghafla, tumshtue. Tulikaa pale kwenye vumbi la mbao tukicheka kwa jinsi atakavyofurahi. Mwenye mkono hakuulizwa.

Blenda ilifika asubuhi ya shughuli ya mahafali. Shangazi alikuwa ameenda dukani kununua ndimu. Mke wangu hakumngoja. Alitaka akute kazi imeisha. Akavunja mayai, akafungua kifuniko kidogo cha juu, akamimina mafuta kwa uzi mwembamba, na ile mashine ikanguruma na kutoa sosi nyeupe, nzito, inayong'aa. Niliiona hata kutoka kwangu. Lakini jagi la mashine ni dogo na watu walikuwa wengi, kwa hiyo akamwaga kwenye ndoo, akaanza tena.

Shangazi akarudi. Akafika mlangoni, akaona sosi inapigwa. Akafunga mdomo na kusimama, mfuko wa ndimu mkononi, kama kanuni yake mwenyewe inavyotaka.

Mashine ikanyamaza. Shangazi akanyoosha shingo kidogo. Mke wangu akamwaga, akavunja mayai mengine, mashine ikaanza tena. Shangazi akangoja. Ikanyamaza tena, ikaanza tena. Bakuli lina mwisho wake. Mashine haikuwa na mwisho. Hatimaye mke wangu akainua uso, akamwona, akatabasamu kwa furaha yote aliyokuwa nayo, akapaza sauti juu ya ule mngurumo: "Shangazi, kazi imekwisha! Nenda kapumzike!"

Akainama tena. Kijiko hakikutoka. Sidhani hata alikikumbuka. Alikuwa na sherehe ya watu mia kichwani na mashine mpya mkononi. Shangazi alibaki pale muda kidogo, kisha akaziweka ndimu chini karibu na kizingiti, polepole, na kuondoka. Niliona yote. Nikajiambia hayo ni mambo ya jikoni, nikarudi kwenye ubao wangu. Ningeweza kuvuka ua ule kwa hatua chache nikamgusa mke wangu bega. Sikuvuka.

Tangu siku ile Shangazi akawa mgeni. Sikuliona mara moja, maana lilikuja kwa adabu. Alianza kukaa sebuleni, kwenye kiti kile wanachokalia wateja wakija kuagiza. Alivaa vizuri tangu asubuhi. Akitaka maji, anafika mlango wa jiko na kusema, "Hodi, naomba maji." Jiko ambalo kila msumari ukutani alinielekeza yeye mahali pa kuupigilia! Na mke wangu anampa maji, anamshukuru Mungu. "Umeona anavyopendeza siku hizi?" ananiambia. "Hata uso umejaa. Mkono umepona kabisa." Ni kweli, mkono ulipona. Hilo hakuna atakayetunyang'anya.

Basi siku moja nilikuwa sebuleni nikirekebisha mlango wa kabati, Shangazi kwenye kiti chake, na simu ya mwanawe ikaingia. Huwa anaongea kwa sauti ya wazi kwa sababu haamini kuweka simu sikioni. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto, mvua, bei ya vitu. Mwisho Shemeji akasema neno lake la siku zote, hata hakulitilia mkazo: "Na wewe Mama, njoo basi ukae na sisi."

Jikoni mashine ilikuwa inanguruma. Shangazi akaigeukia, akaisikiliza.

"Haya," akasema. "Nitakuja."

Shemeji akawa kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu zote akakuta haukufungwa. Kisha akaanza kupiga kelele za furaha, akimwita mkewe, akiwaita wanawe. Nami nimepiga magoti mbele ya kabati, bisibisi mkononi, sijui nimfurahie nani.

Mke wangu alipopata habari alikuja karakanani na mikono yenye unga. "Anaenda kutembea tu, si ndiyo?"

"Amesema anahamia."

Akakaa juu ya gogo. Alisugua vidole mpaka unga ukapukutika. "Alikuwa akimwambia hawezi, kwa sababu ya sosi," akasema. "Miaka yote. Mimi ndiye niliyemwondolea sababu."

"Kamwambie abaki."

"Nimwambieje? Anaitwa na mwanawe aliyemzaa. Mimi ni wa kulelewa. Nitasimama mbele ya mtoto wa tumbo lake niseme huyu ni wangu? Watanionaje?"

Katika ukoo wao jambo la namna hiyo halisemwi wazi. Linazungushwa, linafunikwa, linaachwa mahali ambapo mwenye nalo atalikuta. Wanaweza kuongea asubuhi nzima kuhusu kabichi wakimaanisha kitu kingine kabisa. Na mke wangu, akili yake ikaenda palepale ilipozoea kwenda. Tulikuwa na shughuli moja ya mwisho kabla ya siku ya safari, kikao cha watu wa ofisi. "Nitaikata sosi," akasema.

"Utafanya nini?"

"Nitaikata. Nitamwita aje kuiokoa. Akishashika kipigio, ataona mwenyewe kwamba hatuwezi bila yeye."

Nikacheka. Sijui nilicheka nini. Nilikuwa mtu pekee ambaye hakuwa ndani ya mzunguko ule wa kutoambizana. Ningeweza kumwambia mke wangu kwamba ng'ombe hachinjwi kwa sindano, nenda kamwambie unampenda uone kama dunia itaanguka. Badala yake nikacheka, nikasema, "Umerithi ujanja," na siku yenyewe hata nikamtolea mayai kwenye friji kwa mkono wangu, yakiwa baridi, ili yakatae mafuta vizuri zaidi.

Asubuhi ya kikao, mashine ikarudishwa kwenye boksi lake na kupandishwa juu ya kabati. Bakuli la bati likatoka. Nikajipa kisingizio cha mguu wa meza unaotikisika, nikaingia jikoni na nyundo. Mke wangu akaweka viini, haradali, chumvi, ndimu, akazungusha waya mara kadhaa, kisha akafungua kifuniko kizima cha chupa na kumwaga mafuta, gudugudu. Akapiga. Sosi haikukatika, maana haikuwa imeungana. Yalikuwa mafuta yenye madoa ya njano.

"Shangazi!" akaita. "Shangazi, jamani, njoo! Sosi imekatika!"

Shangazi alikuwa chumbani akifunga mizigo. Akaja na pini mdomoni, akasimama mlangoni, akaitoa. "Hodi."

"Hodi ya nini tena, Shangazi? Ingia."

Akaingia. Akatazama bakuli. Akatazama mayai mengine kwenye sahani, namna yalivyokuwa yametoka jasho la friji. "Mashine iko wapi?"

"Imeharibika."

Shangazi akainua macho juu ya kabati, boksi likamtazama. Nami nikagonga mguu wa meza ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Nipe yai moja," akasema. "Liloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Na bakuli jingine, kavu."

Akangoja yai lipate joto, amekunja mikono. Akatenganisha kiini kwa vidole, ute ukateleza chini. Haradali kidogo. Akakipiga kiini peke yake mpaka kikabadilika rangi. Kisha akaanza kuingiza ule uharibifu wa kwanza ndani yake, kijiko cha chai, akapiga, kijiko cha chai, akapiga. Hakuharakisha. Mkono ulikuwa umepumzika, na niwaambie ukweli, sijawahi kuusikia ukienda vizuri kiasi kile. Waya ukaanza kusema ile sauti yake nzito. Mke wangu alisimama kando, mikono imeshikana kifuani, na uso wake ulikuwa wa mtoto anayengoja. Nilijua anachofikiri. Alifikiri imefaulu.

Ukatiwa mtindi. Ikatiwa siki, sukari, pilipili manga. Shangazi akakiweka kipigio chini na kukaa kwenye kigoda.

"Umeikata makusudi," akasema.

Mke wangu akaanza kuokota maganda ya mayai.

"Sosi inayokatika kwa bahati mbaya hukatikia njiani, mtu akishachoka. Hii haikuanza hata safari. Umemwaga mafuta kama mtu anayezima moto. Hata ulipokuwa hujafika kimo cha meza, hukuwahi kufanya hivi."

"Nilitaka ubaki," mke wangu akasema, na machozi yakaja pamoja na neno.

"Ndiyo ukaharibu mayai ya watu."

"Sikujua niseme nini."

"Si hivyo ulivyosema sasa hivi? Baki. Neno fupi, wala halihitaji mafuta."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Mke wangu akajifuta uso kwa mkono wa gauni. "Nilidhani nakupumzisha, Shangazi. Mkono ulikuwa unakuuma."

"Uliniuma. Sasa hauniumi, na ninakushukuru." Akaukunja na kuukunjua tuone. "Na sosi ya mashine ni nzuri. Msifikiri nina kinyongo na mashine. Nimeionja."

"Umeionja lini?"

"Siku ile ya mahafali, nyinyi mmeshaondoka na masufuria. Nilikuja kuosha vyombo. Nikapitisha kidole kwenye lile jagi." Akakitazama kidole chake. "Kisha nikageuka kuangalia kama kuna mtu ameniona. Humu ndani, mimi, nikageuka kama mwizi. Nikajua nimeshamaliza kukaa hapa."

Mke wangu akapiga magoti mbele ya kigoda na kumshika miguu. Mimi nilipaswa kutoka; mkwe akilia, mwanamume hukumbuka ana kazi nje. Lakini Shangazi hakuwa analia, na miguu yangu haikunisikia.

"Ungeniuliza," Shangazi akasema. Hakuwa na ukali, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nao. "Ungekuja ukasema, Shangazi, mkono unauma, tununue mashine? Ningesema nunueni. Ningebonyeza swichi mimi mwenyewe, ningeringa nayo mtaa mzima. Mlikaa mkapanga, nyinyi wawili," na hapo akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, "mkanipangia raha. Mzee akishapangiwa raha bila kuulizwa, hiyo ni njia nzuri ya kumwambia asogee."

"Nisamehe, Mama," nikasema. Ilitoka ndogo sana kwa mtu mwenye sauti yangu.

"Nimeshasamehe. Kusamehe si kazi."

"Basi nakuuliza sasa," mke wangu akasema. Aliinua uso, na sijawahi kumwona akiomba kitu namna ile, hata siku nilipokuwa mgonjwa mahututi. "Shangazi, nakuuliza. Baki na sisi. Nakuomba. Mimi si mtoto wa tumbo lako, najua, sina haki, lakini baki."

Shangazi akauweka mkono wake mzima juu ya kichwa cha mke wangu. Nikaanza kutumaini, Mungu anisamehe. Nikaanza hata kufikiri jinsi tutakavyomweleza Shemeji.

"Neno hili ungelileta kabla ya simu ile," akasema, "nisingekwenda popote. Nani kakuambia huna haki? Kitumbo chako hicho nilikibeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Lakini sasa nimeshamwambia mwenzako ndiyo. Naye ni mwanangu, amengoja sana. Ameshapaka chumba."

"Chumba kinaweza kungoja."

"Alinipigia juzi kuniuliza nataka rangi gani. Nikamwambia samawati. Akaenda akaitafuta, ya kwanza ikawa imeiva mno, akairudisha, akaleta nyingine. Wajukuu wamepaka pamoja naye. Mtu akishafanya yote hayo, unamwambiaje nimeghairi?"

"Samawati," mke wangu akasema.

"Samawati. Rangi yangu tangu utotoni." Akasema hivyo kama jambo ambalo kila mtu analijua.

Akainuka, akamwinua na mke wangu. Akafunika bakuli kwa sahani, akasema sosi isikae karibu na jiko la moto, kabichi ichanganywe dakika ya mwisho, na kwamba watu wa ofisi huwa wanachelewa kwa hiyo tusiharakishe. Kisha akarudi chumbani kwake kumalizia mizigo.

Watu wa ofisi waliisifu saladi ile, kama walivyoisifu ya mashine. Sikuona tofauti kwenye nyuso zao. Asubuhi iliyofuata Shemeji akafika na gari la kukodi, akamkumbatia mama yake muda mrefu, akatushukuru kwa kumtunza. Alitushukuru kwa moyo kabisa. Sanduku likapakiwa, bakuli likapakiwa. Shangazi akambusu mke wangu mashavu yote mawili na kumwambia awe anakuja, na kwamba akija asilete kitu. Gari likaondoka.

Tukaingia kufagia chumba chake. Sijui kwa nini tuliingia wote wawili. Chumba kidogo, ufagio mmoja. Kitanda nilikitengeneza mimi, kizuri, mbao nzuri, kwa urefu niliouona unafaa. Kuta ni za kijani. Nyumba yetu yote ni ya kijani kilichoiva, kuanzia sebuleni mpaka jikoni, kwa sababu niliwahi kupata kazi ya madawati ya shule na makopo ya rangi yakabaki. Nilipaka mwenyewe, nikajisifu kwa kutopoteza kitu. Mke wangu alisimama katikati akizungusha macho, ukuta baada ya ukuta.

"Amelala humu miaka yote," akasema.

Nikamwambia ningeweza kupaka samawati. Hata kesho, nikasema, rangi haina shida, brashi ninazo.

"Umpakie nani?" akauliza.

Nikachukua ufagio nikafagia.